Maswali na Majibu: Kuhesabu viumbe wa mwambani maji yakikupwa

Barua za toleo hili zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wanataka kushuka kwenye miamba ya pwani maji yakishakupwa, waandike nani anaishi pale na kwa wingi gani. Tumezipanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, na zilizofanana tumeziunganisha.

Salamu, wahariri. Klabu yetu ya mazingira imeshuka mwambani mara tatu. Mara mbili maji hayakukupwa vya kutosha, ingawa jedwali la maji tulikuwa nalo mkononi. Tunakosea wapi? — Mlezi wa klabu

Mlezi, kosa la kwanza la kulitafuta ni hili: mliangalia saa mkaacha kimo. Jedwali hutoa vyote viwili, saa ya kupwa na kimo cha maji kwa mita. Kupwa kwa mita 0.3 na kupwa kwa mita 1.4 ni pwani mbili tofauti. Hiyo ya pili huwa haifunui kabisa ukanda wa chini, na huko ndiko viumbe wengi waliko. Kazi ya mwambani ni kazi ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huwa vinavuta bahari kwa mstari mmoja. Robo ya mwezi huleta maji mafu, na siku hizo afadhali mbaki nyumbani mshone fremu zenu, ile miraba inayolazwa mwambani ili wahesabiwe waliomo ndani yake.

Kosa la pili hutukuta zaidi sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Majedwali huandika kwa mtindo wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Kwa hiyo 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri, wala si saa nne. 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Anayeteleza hapa hukosea kwa saa sita kamili. Na kutoka kupwa hadi kujaa, pale maji yanapokupwa mara mbili kwa siku, ni takriban saa sita na dakika kumi na mbili. Maana yake atafika maji yamejaa pomoni! Tazameni pia kichwa cha jedwali kama saa zake ni za mahali penu au ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia.

La tatu ni hali ya hewa. Jedwali ni hesabu ya mwezi na jua tu, halijui upepo. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini huyazuia maji yasikupwe, na kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1 bahari huinuka kwa karibu sentimita 1. Siku ya dhoruba ya mbali, sentimita 20 zinaweza kupotea hivi hivi.

Kumbukeni pia kwamba kila siku kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Jedwali la jana halifai leo. Na zipo pwani duniani ambako maji hukupwa mara moja tu kwa siku, au mara mbili zisizolingana, kwa hiyo tumieni jedwali la kituo kilicho karibu nanyi zaidi.

Tukishafika, tuanzie juu tukishuka, au tuanzie chini tukipanda? Wenzangu wanabishana. — Mwanafunzi wa chuo

Anza juu, ushuke na maji. Fika saa mbili kabla ya kupwa, tumia robo saa ya kwanza kusimama tu na kuyatazama mawimbi, kisha tandaza futi kamba kuanzia pale panapofikiwa na rasharasha peke yake hadi ukingo wa maji. Hesabu ukanda wa juu, wa kati, na uwe umefika wa chini nusu saa kabla ya wakati wa kupwa. Saa ya kupwa ikigonga, fremu ya mwisho iwe inamalizika.

Wanaoanzia chini wana hoja yao, kwamba ukanda wa chini ndio wenye muda mfupi. Lakini tazama maji yanavyopanda. Mabaharia hugawa tofauti ya kujaa na kupwa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tofauti ikiwa mita 3.6, hizo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Aliyeanzia chini hufika ukanda wa kati katika saa zile zile ambazo bahari inakimbia kuliko wakati wowote. Anaanza kuharakisha, na idadi anazoandika zinapungua kwa sababu ya woga wake, si kwa sababu viumbe wamepungua.

Hatari yenyewe mara nyingi haiji usoni. Miamba ina mifereji, na mfereji ulio kati yako na nchi kavu hujaa wakati wewe bado umesimama pakavu. Kwenye mwamba ulio karibu tambarare, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 90 za saa mbili za kwanza hufunika mita 45. Kabla ya kushuka, chagueni njia ya kutokea na jiwe la kutazamia: maji yakigusa jiwe lile, kazi imekwisha, hata kama fremu iko nusu. Msiwe chini ya wawili, na mmoja awe anaikabili bahari.

Nataka kutengeneza fremu ya kuhesabia mwenyewe. Nipeni vipimo. — Fundi wa maabara ya shule

Fundi, fremu ya kawaida ni mraba wa sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita ya mraba. Chukua bomba la PVC la nusu inchi, vipande vinne, na elbo nne. Usikate vyote kwa sentimita 50 ukaunga. Elbo humeza sehemu ya bomba na yenyewe ina nafasi yake, kwa hiyo unganisha kwanza bila gundi, pima ndani kwa ndani, punguza au ongeza, ndipo ugundishe. Kinachohesabika ni upana wa ndani.

Toboa kila upande kwenye sentimita 10, 20, 30 na 40 kutoka kona ya ndani. Pitisha kamba ya nailoni ya milimita 2, minne kwa minne, ukizisuka juu na chini zisiteleze. Utapata vyumba 25, kila kimoja asilimia 4 ya fremu, na makutano 16 ya kamba. Ongeza matundu mawili matatu ya kuingiza maji ndani ya bomba. Fremu iliyojaa hewa huelea kwenye kidimbwi na kukutoka mkononi kila wimbi likipita.

Funga kitambaa chekundu kwenye kona moja. Kona hiyo ndiyo itakayokaa kwenye alama ya futi kamba siku zote, na kwenye picha utajua upande upi ni wa juu.

Ukubwa hufuata kiumbe. Kwa banakeli, vile vigamba vyeupe vilivyoganda kwenye mwamba na matumbo ya mashua, fremu ya sentimita 10 kwa 10 ya waya mgumu inatosha, maana ndani ya ile kubwa utahesabu maelfu hadi maji yarudi. Tahadhari moja tu: ili kupata idadi kwa mita ya mraba, hesabu ya fremu ndogo inazidishwa kwa 100, na kosa la kiumbe mmoja nalo linazidishwa kwa 100. Kwa wakubwa waliotawanyika, kama kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, au urchini, yule duara mwenye miiba mwili mzima, acha fremu. Tembea kando ya futi kamba ukihesabu wote walio ndani ya mita 1 kila upande.

Wanafunzi wangu sita wamehesabu fremu moja na wameleta majibu sita. Asilimia ya mwani imetoka 30 hadi 70. Nimwamini nani? — Mwalimu wa biolojia

Usimwamini yeyote kwanza, Mwalimu. Uliza kila mmoja alikuwa anahesabu nini. Karibu kila mara tofauti iko kwenye kanuni kuliko kwenye macho, na kanuni huwekwa nchi kavu.

Kanuni ya kwanza: anayetembea anahesabiwa kichwa kwa kichwa, aliyeganda na kutanda, kama mwani, sifongo au banakeli waliosongamana, anapimwa kwa asilimia ya eneo. Msichanganye. "Sifongo 4" haielezi kitu, kwa kuwa sifongo mmoja anaweza kuwa kama kidole au kama sinia.

Ya pili ni mpaka. Konokono aliyekaa nusu ndani nusu nje ya fremu ni wa nani? Aliyegusa upande wa juu au wa kushoto huhesabiwa, wa chini na wa kulia huachwa, bila kujali ni robo yake au robo tatu. Darasa lisilo na kanuni hii huelekea kuhesabu wote wa mpakani, na fremu ndogo ndizo zinazovimba zaidi.

Ya tatu, tabaka. Nadhani hapa ndipo 30 na 70 zilipotokea. Mwani mrefu ukilala juu ya mwamba hufunika kilicho chini yake. Andikeni tabaka la juu kwanza kama lilivyo, kisha uinueni mwani taratibu, muupishe kando bila kuung'oa, mpime la chini: ule mwani mgumu wa waridi unaofanana na chokaa, banakeli, anemoni, yule mnyama laini anayefanana na ua. Jumla ikipita asilimia 100 si kosa. Ikiwa ni tabaka moja tu, jumla lazima iwe 100 kamili, na mwamba mtupu, mchanga na maji vimo ndani yake.

Ya nne, uhai. Banakeli hai ana kifuniko kimefungwa katikati kama mdomo. Mfu ni shimo tupu. Gamba la konokono linaweza kuwa na mwenyewe, au kuwa tupu, au kuwa na kaa mpangaji. Geuza utazame mlangoni: mwenye nyumba hufunga kwa kibamba laini kimoja, mpangaji huziba kwa magando. Na amueni udogo wa mwisho, kwa mfano milimita 5. Chini ya hapo msihesabu, kwa sababu mwenye macho makali atawaona na mwingine hatawaona.

Sasa namna ya kupima hizo asilimia. Njia ya vyumba: kila chumba kilichojaa ni 4, vilivyojaa nusu unganisha viwili viwili. Njia ya nukta: tazama kilicho chini ya kila makutano 16 ya kamba, kila nukta ni asilimia 6.25. Ya nukta huondoa ubishi, ila humruka kiumbe mdogo asiyeangukia nukta. Kwa hiyo ukimaliza nukta, orodhesha waliomo kwenye fremu ambao hawakuguswa na uwawekee alama ya +, maana yake wapo. Tazama wima kabisa, jicho moja limefumbwa. Mwamba una mabonde, kamba huning'inia juu yake, na ukiinamisha kichwa kidogo tu nukta inahamia kwa jirani.

Fanya jaribio kabla ya siku yenyewe. Kata karatasi za rangi, ziweke ndani ya fremu sakafuni ukijua eneo lake halisi, wakadirie. Utaona wengi huongeza kilicho na rangi kali na kilichotawanyika vipande vipande. Mwambani, wawili wahesabu fremu tano zile zile bila kusemezana, walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 warudi kwenye fremu hiyo waone ni kiumbe gani wanakiita majina mawili.

Je, ni sahihi kurusha fremu nyuma ya bega ili iwe bahati nasibu? — Msomaji

Hapana. Mkono unajua macho yalichoona kabla ya kugeuka, fremu huruka pale panaporukika, na hutua juu ya mtu au juu ya anemoni. Gawa mwamba kwa kanda, juu, kati na chini, halafu ndani ya kila ukanda chora namba: moja ya mita kwenye futi kamba, moja ya mita kwenda kando. Namba zichorwe kwenye karatasi mkiwa nyumbani. Ikiangukia kwenye kidimbwi au ufa mkubwa, fuateni mlichoamua mapema. Sisi tunashauri vidimbwi vihesabiwe peke yake, kwani kidimbwi cha ukanda wa juu kina wakazi wa chini waliookoka humo, nao wataharibu wastani wako.

Fremu ngapi? Tano kwa kila ukanda ndicho kima cha chini, kumi ni heshima. Kila ukiongeza fremu kokotoa wastani upya. Ukiona umetulia haurukiruki tena, umefika.

Kwa nini viumbe wamejipanga kwa mistari kama rangi za ukuta? Na je, jua ndilo linaloamua kila kitu? — Mama wa watoto wadadisi

Mama, mpangilio huo unaonekana pwani nyingi za dunia, na mwaka 1949 T. A. Stephenson na Anne Stephenson waliuandika kama sura ya jumla ya miamba ya bahari. Juu ni weusi wa likeni na vijidudu vya kijani-buluu pamoja na konokono wadogo wanaojificha kwenye nyufa. Katikati banakeli, chaza au kome, kutegemea pwani. Chini mwani mnene.

Jua linaamua nusu tu. Joseph Connell alichapisha mwaka 1961 jaribio la banakeli wawili huko Uskoti: Chthamalus wa juu na Balanus wa chini. Alipowaondoa Balanus, Chthamalus waliishi vizuri tu huko chini. Kumbe hawakushindwa na maji, walikuwa wakibanwa, wakifunikwa na kung'olewa na jirani anayekua upesi. Balanus naye alishindwa kupanda juu kwa sababu ya ukavu. Ndiyo maana mpimaji huandika mpaka wa juu na mpaka wa chini wa kila kiumbe, kila mmoja na kimo chake: wa juu aghalabu huwekwa na joto na ukavu, wa chini na majirani na wala nyama.

Kimo nitakipimaje? Simu yangu inaonyesha mita juu ya bahari lakini hesabu zinaruka. — Mwanafunzi wa chuo, tena

Achana na simu kwa kimo. Kosa lake la mita kadhaa ni kubwa kuliko mwamba wote unaoupima. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa mita 10, na fito mbili zenye alama za sentimita, sifuri ikiwa mguuni. Jaza mpira maji yenye rangi kidogo, ondoa kila povu la hewa (povu moja linatosha kuleta uongo), funga ncha moja kwa kila ufito. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja daima. Ufito wa juu ukisoma sentimita 20 na wa chini 140, mmeshuka sentimita 120. Hamisha ufito, endelea.

Kama upeo wa macho unaonekana, mbinu ya K. O. Emery ya 1961 haihitaji hata mpira. Chukua fito mbili za urefu sawa. Simama nyuma ya ule wa juu, linganisha kichwa cha ule wa chini na mstari wa upeo wa bahari, usome mstari huo unakata wapi kwenye ufito ulio karibu nawe. Kutoka kichwa cha ufito wako hadi hapo ndiyo tofauti.

Kuunganisha na jedwali, tia alama pale maji yaliposimama saa ya kupwa siku tulivu, upe kimo cha jedwali. Rudia siku kadhaa uchukue wastani.

Chini ya mawe kuna mengi. Ni sawa kuyageuza?

Ni sawa kama utayarudisha, na kama unaweza kuliinua jiwe kwa mikono miwili bila kukakamaa. Inua ukilivuta upande wako ili jiwe liwe ngao kati yako na kilichomo. Piga picha, hesabu kwa dakika moja au mbili. Wanaokimbia watie kwenye ndoo yenye maji ya bahari kivulini. Rudisha jiwe kwanza, polepole, upande ule ule na mwelekeo ule ule, ndipo uwaachie wa ndoo pembeni yake wajiingize wenyewe. Ukiwarudisha wao kwanza utawaponda. Jiwe lililoachwa kichalichali huua pande zote mbili: sifongo na mayai ya chini hukauka juani, na mwani wa juu huozea gizani.

Konokono wa umbo la kofia, limpeti, usimbandue. Wengi wao wana kao lao mwambani ambapo ukingo wa gamba umechongeka kulingana na jiwe lile. Ukimng'oa na kumbandika kwingine hawezi kuziba maji yake, akinusurika na jua ataliwa. Na mkono uliopakwa mafuta ya kuzuia jua au dawa ya mbu usiingie kidimbwini. Maji ya mle ni machache.

Jina la kienyeji linatosha kwenye fomu? Kwetu kila gamba kubwa ni kome. — Mvuvi mstaafu

Mzee wetu, shikamoo. Jina la kienyeji liandikwe, kwa sababu lina elimu ndani yake, lakini lisiandikwe peke yake. Wewe mwenyewe umeshasema sababu: kome wa hapa si kome wa kule, na takwimu zikikutana haziwezi kutengana tena. Ukiwa na jina la kisayansi hadi jenasi, inatosha kwa kazi nyingi. Usipokuwa nalo, mpe alama: "Konokono A, gamba jeusi lenye mistari mitano, urefu milimita 12, mlango wa duara". Alama ya uaminifu ni bora kuliko jina la kubahatisha.

Mpige picha tatu, mgongo, mlango wa gamba na ubavu, rula ikiwa kando yake. Kwenye iNaturalist, mtandao wa kushirikishana picha za viumbe, watambuzi wengine hukusaidia, na rekodi hupanda daraja la kutumika utafitini zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakikubaliana juu ya spishi. Tahajia na jina la sasa hakikisha kwenye WoRMS, sajili ya dunia ya spishi za bahari. Majina huhama: yule Balanus wa Connell leo ni Semibalanus.

Ni nani hasa wa kuogopwa mwambani? Mwanangu hushika kila kitu. — Baba

Katika bahari za joto za Hindi na Pasifiki, wanne. Konokono wa jamii ya Conus, gamba zuri la umbo la pia: ana mshale wa sumu unaotokea upande mwembamba na hufika hata nyuma ya gamba, kwa hiyo hakuna namna salama ya kumshika, na mfukoni ni pabaya zaidi. Conus geographus ameshaua watu. Pweza mdogo wa pete za buluu, wa Pasifiki na mashariki ya Hindi, ambaye pete zake hung'aa akikasirika. Anauma bila maumivu makubwa kisha pumzi inakatika. Samaki-jiwe, anayefanana na jiwe lenye ukungu hata ukimtazama. Na urchini wa miiba mirefu myeusi, ambaye haui ila miiba yake hukatikia ndani ya nyama.

Kwa samaki-jiwe na urchini, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mjaribu maji ni mtu mwingine, maana mguu uliochomwa hauhisi vizuri na utaungua. Kisha hospitali. Kwa Conus na pweza huyo, maji ya moto hayahusiki: funga bandeji pana ya kubana kutoka kwenye jeraha kupanda kiungo chote, kizuie kisisogee, mkimbize hospitali, na pumzi ikisimama mpulizieni bila kuacha hadi mfike.

Viatu viwe vya kufunika vidole, soli ya mpira laini. Mwana akanyage mwamba mtupu, asikanyage mwani wala vitanda vya kome.

Mwaka jana tulihesabu viti vya pweza 40, mwaka huu 3. Je, vimekufa? — Kikundi cha vijana

Huenda, lakini pigeni maswali kabla ya kupiga kengele. Kupwa kwa mwaka jana kulikuwa mita ngapi? Ikiwa 0.2 na mwaka huu 0.6, sentimita 40 za chini, ambako kiti cha pweza hukaa, hamkuzifikia. Mlihesabu mchana au usiku? Wanyama wengi hujificha mchana. Kulikuwa na mawimbi? Eneo lilikuwa lile lile, la upana ule ule, mwezi ule ule?

Majibu yote yakilingana, basi mmeona jambo, na si dogo. Tangu mwaka 1963 Robert Paine aliwaondoa Pisaster, aina ya kiti cha pweza anayekula kome, kwenye kipande cha mwamba katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Kome wakatanda, na spishi alizozifuatilia zikashuka kutoka 15 hadi 8. Na kuanzia 2013 ugonjwa wa kunyauka uliwaangamiza viti vya pweza wengi katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Wagonjwa wana dalili: vidonda vyeupe, mikono kujipinda na kukatika, mwili kulegea. Je, hao watatu wenu walikuwa wazima? Kama hamkuandika, rudini bamvua lijalo.

Na tazameni fomu za mwaka jana. Mahali ambapo hapakuwa na kiti cha pweza, mliandika 0 au mliacha wazi? Sifuri inasema "tulitafuta, hayupo". Nafasi tupu inaweza kumaanisha hamkutafuta, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka.

Kwa ufupi: penseli au simu?

Penseli. Wino huyeyuka, na skrini yenye matone ya maji ya chumvi haigusiki. Karatasi isiyolowa ikikosekana, piga msasa kipande cha plastiki nyeupe ngumu, kinaandikika hata chini ya maji na hufutika kwa mchanga kidogo. Simu ni ya picha: fremu nzima kabla hujagusa chochote, kutoka wima, kivuli cha mwavuli kikifunika fremu yote kuua mng'ao, na kibao chenye tarehe na namba ya fremu ndani ya picha. Kivuli kinachokata fremu nusu kwa nusu ni kibaya kuliko jua kali. Jioni ile ile piga picha karatasi zote kabla hamjatawanyika.